Sarafu Bila Udongo Wake: Kifaa cha Kutambua Metali, Mahame ya Unguja na Historia ya Wasioandikwa, kwa Mfano wa Jang'ombe

1. Utangulizi

Katika kisiwa cha Unguja, mahali palipowahi kukaliwa na watu kisha pakahamwa huitwa hame. Neno hili limetokana na kitenzi kuhama, na wingi wake, mahame, hutumika kwa makazi ya enzi mbalimbali: mji wa karne ya 8, kiambo cha shamba la mikarafuu cha karne ya 19, au nyumba chache za udongo zilizoachwa na wenyewe miaka sitini iliyopita. Hame hutambulika kwa dalili ambazo mwenyeji huzisoma bila shida: mwembe mkongwe usio na mwenyewe, kisima kilichofukiwa nusu, vigae vinavyotokeza baada ya mvua, mawe ya msingi, na mara nyingi kaburi au mawili.

Mahame yamefukuliwa tangu zamani na watu waliotafuta mali. Waliongozwa na masimulizi ya wazee, kwa ndoto, au kwa waganga, na chombo chao kilikuwa jembe. Jambo jipya ni kifaa cha kutambua metali. Kifaa hiki kinashikwa kwa mkono, hununuliwa kwa urahisi kupitia mtandao, na huko Tanzania Bara wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekwisha kukizoea. Kwa kifaa hicho, mtu asiye na elimu yoyote ya mambo ya kale anaweza kukusanya kwa siku moja metali yote iliyokaa juu juu katika hame lililodumu karne nzima bila kuguswa.

Makala haya yanachunguza kinachopotea pale jambo hilo linapotendeka. Hoja yake kuu ni kwamba hasara kubwa haimo katika sarafu inayouzwa, bali katika uhusiano kati ya sarafu hiyo na udongo ilimolala. Hasara hiyo haiwaangukii watu wote kwa kiasi kimoja. Masultani, wafanyabiashara na mabalozi wana nyaraka. Watu waliojenga Ng'ambo, ambao wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, waliacha maandishi machache sana. Kwao hame ndilo daftari. Mfano unaotumika ni Jang'ombe, kwa kuwa ni mtaa usio na gofu la kutembelewa na watalii, na kwa hiyo ndipo mahali ambapo swali hili husahaulika upesi zaidi.

2. Jang'ombe na mahame yaliyomezwa na mji

Mji wa Zanzibar ulikua kwa sehemu mbili. Mji Mkongwe ulisimama kwenye rasi, na upande wa pili wa hori ndipo palipoitwa Ng'ambo. Jina la Darajani bado linahifadhi kumbukumbu ya daraja lililoziunganisha pande hizo. Katika karne ya 19, uchumi wa karafuu na pembe za ndovu, ambao Abdul Sheriff (1987) ameueleza kwa kina, uliwaleta kisiwani maelfu ya watumwa kutoka bara. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897. Laura Fair (2001) ameonyesha jinsi watu waliotoka katika utumwa walivyohamia Ng'ambo, wakajitafutia kazi, na wakajijengea utambulisho mpya kwa mavazi, muziki, mpira na dini.

Jang'ombe iko upande wa kusini wa Ng'ambo. Kama ilivyo kwa mitaa mingine ya pembezoni, iliungana na mji kadiri mji ulivyotanuka kuelekea mashambani. Katika utanukaji wa namna hiyo, hame haliachwi porini lionekane, hujengewa juu. Chini ya sakafu ya saruji ya leo huweza kuwapo sakafu ya udongo iliyopondwa, na chini yake majivu ya jiko la watu wasiojulikana majina. Jang'ombe iko nje ya eneo la Mji Mkongwe lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2000 katika Urithi wa Dunia. Sheria na fedha za uhifadhi zimeelekezwa zaidi kwenye nyumba za mawe na milango ya nakshi kuliko kwenye makazi ya miti, udongo na makuti. Ni katika muongo uliopita tu ambapo upangaji wa mji ulianza kuichukulia Ng'ambo kuwa nayo ina urithi wa kihistoria, na kazi hiyo ikazaa atlasi ya Ng'ambo iliyochapishwa mwaka 2019.

Umiliki wa ardhi nao una maana katika mjadala huu. Kwa miongo mingi mkazi wa Ng'ambo alimiliki nyumba lakini hakumiliki kiwanja. Alilipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, na mgogoro juu ya kodi hiyo ulisababisha mgomo mashuhuri wa mwaka 1928. Kwa mtafiti wa mambo ya kale, hali hii ina matokeo yake. Mtu anayemiliki boriti, mlango na kufuli lakini hamiliki ardhi ana sababu ya kuondoka navyo anapohama. Kwa hiyo kinachobaki katika hame la namna hii ni kile kilichodondoka, kilichovunjika, kilichotupwa, au kilichofichwa kwa makusudi. Vitu hivyo ni vidogo na vichache, na thamani yake ya kihistoria inategemea sana pale vilipokutwa.

3. Hazina mbili na mafunzo yake

Tofauti kati ya kufukua na kuchimba kitaalamu inadhihirika vizuri tukilinganisha hazina mbili za visiwa hivi.

Ya kwanza ni ya Unguja Ukuu, kusini mwa Unguja. Katika miaka ya 1860 zilifukuliwa hapo sarafu za dhahabu. Inayojulikana zaidi kati yake ni dinari ya mwaka 183 wa Hijria, yaani 798 au 799 ya Miladia, ya zama za Khalifa Harun al-Rashid. Nyingine zilitawanyika. Hatujui zilikuwa katika chombo gani, zililala juu ya sakafu au chini yake, na kama zilikuwa za mtu mmoja au za vizazi kadhaa. Kwa zaidi ya karne moja, ushahidi huo ulitaja tarehe tu bila kueleza maisha. Ilibidi kusubiri uchimbaji wa kitaalamu, hasa ule wa Abdurrahman Juma (2004), ili Unguja Ukuu ieleweke kuwa mji wa bandari wenye wakazi, wafinyanzi na wavuvi, ulioshiriki katika biashara ya Bahari ya Hindi tangu milenia ya kwanza.

Ya pili ni ya Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 wachimbaji walioongozwa na Mark Horton walikuta hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa ilikutwa katika uchimbaji wenye kumbukumbu, iliwezekana kusema kwa uhakika kwamba sarafu zile zote zilifukiwa pamoja. Dinari zina tarehe, na za karibuni zaidi ni za karne ya 11. Sarafu ndogo za fedha hazina tarehe, lakini baadhi yake zina jina la Ali bin al-Hassan, mtawala anayehusishwa na Kilwa, ambaye Neville Chittick alikuwa amemweka karibu na mwaka 1200. Kukutwa kwa aina hizo mbili katika shimo moja kulilazimu mpangilio mzima wa watawala wa kale wa Pwani uangaliwe upya, na kuurudisha nyuma kwa zaidi ya karne moja.

Tuchukulie kwamba hazina ya Mtambwe ingefukuliwa usiku na kugawanywa. Dinari zingeuzwa kwa sonara, na sarafu ndogo za fedha, ambazo hazina mvuto machoni, zingeyeyushwa au kutupwa. Kila sarafu peke yake ingebaki na maandishi yale yale, lakini hoja ya kihistoria isingekuwapo, kwa sababu hoja haikuandikwa juu ya sarafu yoyote. Ilikuwa katika kukutwa kwao pamoja.

Mfano mwingine unatoka Kajengwa, karibu na Makunduchi, ambako mwaka 1945 zilipatikana sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Sarafu hizo hutajwa mara kwa mara kuthibitisha mawasiliano ya Unguja na Mashariki ya Mbali. Hata hivyo, sarafu ya shaba ya China iliweza kutembea mikononi mwa watu kwa karne nyingi baada ya kupigwa. Tarehe ya sarafu ni mwanzo wa safari yake, na udongo ndio unaotuambia ilipokoma.

4. Kifaa kinasikia nini, na hakisikii nini

Kifaa cha kutambua metali hufanya kazi kwa koili inayotoa mawimbi ya sumakuumeme. Mawimbi hayo yakikutana na metali huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo hurudisha ishara ambayo kifaa huigeuza kuwa sauti. Sarafu moja husikika kwa kawaida katika kina cha sentimita 20 hadi 30, kutegemea udongo na ubora wa kifaa. Vifaa vingi huweza pia kuwekwa viinyamazie chuma, ili mtafutaji asisumbuliwe na misumari.

Mambo mawili yanafuata kutokana na utendaji huo. Kwanza, kifaa huchagua. Hakisikii kigae, mfupa, ushanga, gamba la kombe, mkaa wala alama ya nguzo iliyooza. Sarah Croucher (2015), aliyetafiti makazi ya mashamba ya karafuu ya karne ya 19 na kuchimba Mgoli, Pemba, alijenga sehemu kubwa ya hoja yake juu ya vyungu: vilivyofinyangwa nchini kwa upande mmoja, na vyombo vilivyoagizwa kutoka ng'ambo ya bahari kwa upande mwingine. Kwa vyungu hivyo aliweza kuzungumzia mapishi, jinsia na mahusiano ya kaya katika jamii iliyojumuisha mabwana na watumwa. Mtu anayetafuta metali huvipita vyungu hivyo, au huvivunja akiifuata sauti. Na anapokiamuru kifaa kinyamazie chuma, anaacha misumari, bawaba na makufuli, ambavyo ndivyo vinavyoweza kuonyesha ulipokuwa mlango na ulipopita ukuta wa nyumba isiyo na jiwe.

Pili, kina kinachofikiwa na kifaa ndicho kina cha historia yenyewe. Katika mji wa mawe uliokaliwa kwa miaka mia tano, tabaka za udongo huweza kufikia mita kadhaa, na kifaa hugusa ya juu tu. Katika hame la nyumba za udongo lililokaliwa kwa kizazi kimoja au viwili, tabaka yote huweza kuwa sentimita 30 au pungufu. Hapo mashimo ishirini ya ukubwa wa sahani yanatosha kuvuruga sakafu, jiko na ua wote. Ndiyo maana hoja inayotolewa mara nyingi Uingereza, kwamba vitu vingi vinavyookotwa kwa vifaa hivi hutoka katika udongo ambao plau imekwisha kuuvuruga, haiwezi kuhamishwa hivi hivi hadi Unguja. Shamba la kule hulimwa kwa trekta kila mwaka. Hame la hapa mara nyingi limelimwa kwa jembe la mkono tu, au halikulimwa kabisa.

5. Besa, reale na fingo

Ili hoja isibaki ya jumla, tuzingatie aina tatu za vitu vya metali ambavyo hame la karne ya 19 linaweza kuwa navyo.

Aina ya kwanza ni besa. Sayyid Barghash bin Said alitoa besa za shaba zenye tarehe ya 1299 ya Hijria, sawa na 1882, na nyingine za 1304, sawa na 1887. Upande mmoja zina maandishi ya Kiarabu na upande wa pili zina picha ya mizani. Zilipigwa kwa wingi, na kwa hiyo bei yake kwa wakusanyaji ni ndogo. Lakini ikikutwa ndani ya sakafu ya udongo iliyopondwa, besa moja ya 1299 inathibitisha kwamba sakafu hiyo haikupondwa kabla ya mwaka 1882. Katika mtaa ambao ujenzi wake haukuandikwa, huo ni ushahidi wenye uzito kuliko dhahabu. Besa hiyo hiyo ikiwa mkononi mwa mchuuzi haithibitishi lolote ambalo hatukulijua.

Aina ya pili ni reale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, iliyotumika sana Zanzibar na katika nchi zote za Bahari ya Shamu. Hii ni sarafu inayompotosha asiyeijua. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na reale zilizopigwa baada yake ziliendelea kubeba mwaka huo huo, hata zile zilizopigwa katika karne ya 20. Hivyo tarehe iliyoandikwa juu yake haitoshi kuonyesha umri wake. Kinachoweza kusaidia kukisia ilidondoka lini ni vitu vilivyolala pamoja nayo: kigae cha sahani ya Ulaya, ushanga, au senti ya mwaka 1908. Mtu akiing'oa na kuviacha vitu hivyo, ameitupa tarehe na kubaki na namba tu.

Aina ya tatu ni fingo. Katika mila za Pwani, fingo ni kitu kinachofukiwa ardhini ili kuilinda nyumba, shamba au mji dhidi ya wezi, maradhi na uhasidi. Huweza kuwa chungu kidogo, maandishi yaliyokunjwa, kipande cha chuma, au sarafu. Aidha, sarafu huachwa katika mizimu pamoja na ubani na marashi kwa ajili ya nadhiri. Kwa hiyo si kila sarafu iliyo ardhini ni mali iliyofichwa au iliyopotea. Wynne-Jones na Fleisher (2012) wameonyesha kwamba huko Songo Mnara, mji wa karne ya 14 na 15 karibu na Kilwa, sarafu za shaba hazikuwa fedha ya soko tu. Zilipatikana pia katika mazingira ya nyumba na makaburi, ambako zilibeba maana ya kumbukumbu na ibada. Kinachotofautisha sarafu iliyodondoka na sarafu iliyowekwa ni mahali pake: chini ya kizingiti, kwenye pembe ya nyumba, au kichwani mwa kaburi. Kifaa kinaweza kuonyesha kwamba ipo. Hakiwezi kueleza kwa nini ipo, na anayeifukua bila kuandika huifuta sababu hiyo kwa dakika chache.

6. Sheria, ardhi na adabu ya kuokota

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ya Tanzania Bara hulinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, pamoja na aina maalumu kama milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mambo ya kale si suala la Muungano, kwa hiyo sheria hiyo haitumiki Zanzibar, yenye taasisi na sheria zake. Hata hivyo, mfano wake unafundisha. Kigezo cha mwaka 1863 kingetumiwa Ng'ambo, besa zote za Barghash zingekuwa nje ya ulinzi, na pamoja nazo karibu kila kitu kilichodondoshwa na kizazi kilichoishi kufutwa kwa utumwa. Mstari wa tarehe unaofaa kwa magofu ya Kilwa unaiacha wazi historia ya watu walioachiwa huru mwaka 1897. Uunguja haihitaji kuchora mstari huo. Inahitaji kigezo cha mahali, yaani kulinda tabaka lisilovurugwa, liwe la karne ya 8 au la mwaka 1920.

Swali la pili ni nani mwenye haki na kilichopatikana. Uingereza, kwa Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, mgunduzi hulazimika kutoa taarifa ndani ya siku 14, na zawadi kwa kawaida hugawanywa kati yake na mwenye ardhi. Tangu 1997 upo pia mpango wa kuorodhesha kwa hiari vitu visivyofikia kiwango cha hazina. Ufaransa ilichagua njia nyingine: sheria ya Desemba 1989 inakataza kutumia kifaa cha kutambua metali kutafuta vitu vya kihistoria bila kibali. Zanzibar haiwezi kunakili utaratibu wa Uingereza neno kwa neno, kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikauthibitisha msingi huo. Mkazi ana haki ya matumizi. Utaratibu wowote wa zawadi unapaswa kumtambua huyo mtumiaji, awe mwenye eka tatu shamba au mwenye kiwanja Jang'ombe, la sivyo atakuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Ipo pia hazina ya fikra ambayo haijatumiwa vya kutosha katika mjadala huu, nayo ni fiqhi ya Kiislamu inayojulikana na wakazi wenyewe. Fiqhi hutenganisha rikazi, yaani mali iliyofukiwa na watu wa kabla ya Uislamu, na luqata, yaani mali iliyookotwa ambayo mwenyewe ni Mwislamu au hajulikani. Katika rikazi hutolewa khumsi, sehemu moja ya tano. Sarafu yenye alama za Kiislamu, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii iliyo na wafuasi wengi visiwani, haihesabiwi kuwa rikazi; hukumu yake ni ya luqata, na aliyeiokota ana wajibu wa kuitambua sifa zake na kuitangaza kwa mwaka mmoja. Besa ya Barghash yenye maandishi ya Kiarabu iko wazi katika fungu hilo la pili. Hapa hakuna dai kwamba fiqhi ichukue nafasi ya sheria ya mambo ya kale. Linalodaiwa ni kwamba wajibu wa kutangaza, kueleza sifa za kitu na mahali kilipookotwa si jambo geni lililoletwa na wataalamu. Ni adabu iliyokuwapo, na sera ya uhifadhi ingepokewa kwa wepesi zaidi kama ingejengwa juu yake.

7. Hoja pinzani

Zipo pingamizi mbili zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba Jang'ombe na mitaa yake inajengwa kila siku. Mashimo ya misingi, makaro na mabomba ya maji yanaharibu tabaka kwa kiasi ambacho mwenye kifaa hawezi kufikia. Kwa hiyo ni afadhali kitu kiokolewe kuliko kizikwe chini ya zege. Pingamizi hili lina ukweli, nalo linaonyesha mahali ambapo kifaa kinafaa: katika udongo uliokwisha kutolewa shimoni. Udongo huo umeshapoteza mpangilio wake wa ndani, lakini bado unajulikana umetoka kiwanja gani na takriban kina gani. Kuupitisha kifaa chini ya usimamizi, na kuandika kila kilichopatikana, kungeipa Ng'ambo orodha ya vitu ambayo haijawahi kuwa nayo, bila kugusa tabaka lililo salama.

Ya pili inasema kwamba kifaa chenyewe si kibaya, kwa kuwa hata wanaakiolojia hukitumia. Hilo nalo ni kweli. Katika uwanja wa vita wa Little Bighorn, Marekani, mwaka 1984 watafiti na wasaidizi wa kujitolea walitumia vifaa hivi kutafuta risasi na maganda yake, wakaweka alama mahali pa kila kimoja kabla ya kukiinua. Kwa ramani iliyopatikana waliweza kufuatilia mienendo ya wapiganaji ambayo maelezo ya maandishi yalikuwa yameikosea. Kifaa ni kile kile. Kilichobadilika ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilitungwa kwa mfanyabiashara, lakini inamhusu mwanahistoria vilevile.

Pamoja na hayo, hifadhi ya vitu baada ya kupatikana nayo ni sehemu ya tatizo. Makumbusho ya Beit el-Amani ilifunguliwa mwaka 1925, na Beit al-Ajaib ikaja kuwa makumbusho kuu, lakini sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mkazi anayeombwa asiuze besa aliyoiona uani kwake ana haki ya kuuliza itawekwa wapi, na kama mjukuu wake ataweza kuiona. Jibu lisilohitaji gharama kubwa lipo: kitu kipigwe picha, kipimwe, mahali pake paandikwe katika ofisi ya shehia na nakala ipelekwe katika idara inayosimamia makumbusho na mambo ya kale, kisha besa ya kawaida irudishwe kwa aliyeipata. Kwa vitu vya aina hii, kumbukumbu ya mahali ina thamani kuliko kumiliki kitu.

8. Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba kifaa cha kutambua metali, kinapotumiwa bila kumbukumbu, hubagua katika historia. Huchagua metali na kuacha vyungu, huchagua shaba na fedha na kuacha msumari, huchagua kitu na kuacha mahali. Katika mahame yenye tabaka fupi, ambayo ndiyo makazi ya watu waliokuwa na kidogo, uchaguzi huo hufikia hadi chini ya historia yote iliyopo. Ulinganisho wa Unguja Ukuu na Mtambwe Mkuu umeonyesha kwamba hazina iliyotawanyika hubaki mfano wa kutajwa, ilhali hazina iliyoandikwa ilipokutwa iliweza kubadilisha orodha ya watawala.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, ulinzi wa kisheria Zanzibar uzingatie hali ya tabaka la udongo badala ya mwaka mmoja wa mpaka, ili makazi ya baada ya 1863 yasiachwe. Pili, taarifa za vitu vinavyookotwa zipokelewe katika ngazi ya shehia, kwa utaratibu usiomnyang'anya mkazi na unaoegemea wajibu wa kutangaza ambao jamii inaujua. Tatu, watafiti waanze kuuchunguza udongo unaotolewa katika viwanja vya ujenzi vya Jang'ombe na mitaa jirani kabla haujamwagwa kwingine. Nyumba za Mji Mkongwe zimepewa walinzi kwa sababu zinaonekana. Sakafu za Ng'ambo zimo chini ya miguu ya watu wanaoishi juu yake leo, na wengi wao ni wajukuu wa walioziponda.